Mashine ya zamani ya kukatia majani, ile ya kupanda na kuendesha: tuitambue vipi na tuitunze vipi hapa Lubumbashi?

Bustani_Kasapa:

Jambo wazee, jambo ndugu wote. Katika kiwanja cha shule ninachokitunza, upande wa barabara ya Kasapa, kuna mashine ya zamani ya kukatia majani, ya aina ile ambayo mtu huikalia na kuiendesha mithili ya trekta ndogo. Iliachwa na wamisionari wa Kimarekani waliokuwa wakiishi hapo, na baada yao mtu aliipaka rangi ya kijani juu ya rangi yake ya asili, hata jina lililokuwa kwenye boneti halisomeki tena. Nikiunganisha betri nzuri ya kuazima injini inazunguka vizuri lakini haiwaki. Fundi wa kwanza alisema ni John Deere kwa sababu ni ya kijani, wa pili akasema ni Husqvarna kwa kuangalia umbo la kiti. Duka la vipuri mjini haliwezi kuagiza chochote Afrika Kusini bila jina na namba, nalo lina haki, maana kipuri kikishavuka mpaka wa Kasumbalesa hakuna wa kukirudisha.

Mvua zinakaribia na uwanja wa mpira wa watoto hauna mashine nyingine ya kuukata. Ninaomba anayezijua mashine hizi anieleze namna ya kuitambua hii, na mahali pa kuanzia kuitengeneza.

Fundi_Kampemba:

Jambo Bustani_Kasapa. Weka kando rangi, weka kando na umbo la kiti. Katika mashine hizi jina la boneti mara nyingi ni jina la muuzaji tu, wala si la kiwanda kilichounda chuma chenyewe. Kiwanda kimoja kiliweza kutoa chasisi ile ile kwa majina kadhaa, kila jina na rangi yake, kisha karibu zote zikafungwa injini iliyonunuliwa katika kiwanda kingine kabisa: Briggs & Stratton ya Milwaukee, Kohler, Tecumseh au Kawasaki. Kwa hiyo swali lako linahitaji majibu mawili, moja la injini na moja la chasisi, na vipuri vya upande mmoja haviagizwi kwa namba za upande mwingine. Plagi, filta, kabureta na koili ya cheche vinafuata namba ya injini. Mikanda, visu, puli na beringi za chini vinafuata namba ya chasisi.

Anza na injini. Ikiwa ni Briggs, namba zimegongwa kwenye bati lenyewe linalofunika feni juu ya injini, zikiwa makundi matatu yaliyoandikwa Model, Type na Code. Kohler na Tecumseh hutumia kibati au karatasi iliyobandikwa kwenye bati hilo la feni, na kwa bahati mbaya karatasi hiyo huungua au hufunikwa na rangi. Kisha inua kiti. Kibati cha chasisi kwa kawaida kiko chini ya kiti, na kama hakipo hapo, tazama bati la nyuma juu ya tundu la kukokotea tela, au upande wa ndani wa bati la tairi la nyuma.

Usikwaruze kwa msasa wala kwa brashi ya waya, kwa sababu ndivyo namba nyingi zilivyopotea katika mji huu. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, sugua taratibu mpaka rangi ya juu na grisi vitoke, halafu pitisha chaki nyeupe juu ya maandishi na kufuta kwa kidole. Unga wa chaki unabaki ndani ya michoro na namba inasomeka. Shuleni chaki haikosekani.

Ukiwa hapo, nitazamie pia kichwa cha silinda: je, ni kipande cha alumini chenye mapezi matupu, au kina kifuniko cha bati kilichofungwa kwa boliti juu yake? Na unapobadilisha mwendo, unatumia mpini wa gia pamoja na klachi, au kuna mpini mmoja unaosukuma mbele ili mashine iongeze kasi bila hatua?

Bustani_Kasapa:

Aksanti sana, Papa Fundi. Chaki imefanya kazi. Kwenye bati la injini nimesoma Model 286707, Type 0140-01, Code 91031412. Chini ya kiti kuna kibati kilicholiwa na kutu. Kinaonyesha 917, kisha nukta, kisha 25, na namba zilizofuata hazionekani. Kichwa cha silinda kina mapezi tu, hakuna kifuniko. Gia zinabadilishwa kwa mpini wenye hatua, na kuna pedali moja ya klachi na breki.

Fundi_Kampemba:

Hapo umeshapata karibu kila kitu, na ninafurahi, kwa sababu hiyo ni mashine ambayo bado inafaa kutunzwa.

Injini ni Briggs & Stratton. Katika namba ya modeli, tarakimu mbili za mwanzo ni ujazo kwa inchi: inchi 28 za ujazo, sawa na sentimita za ujazo 459 hivi. Tarakimu ya 6 ni mfululizo wa muundo. Namba 7 inayofuata inasema kwamba shafti imesimama wima na kabureta ni ya aina ya boya. Sifuri ni ya beringi za kawaida za shafti, na 7 ya mwisho ni stata ya umeme wa volti 12 pamoja na oltaneta ya kuchaji. Code ndiyo tarehe ya kuzaliwa: 91 ni mwaka 1991, 03 ni mwezi wa Machi, 14 ni siku, na tarakimu zilizobaki ni za kiwanda. Injini yako iliundwa tarehe 14 Machi 1991. Kwa kuwa kichwa chake hakina kifuniko, valvu zake ziko ubavuni mwa silinda, na nguvu zake zilihesabiwa kiwandani kuwa kama hospawa 12 hadi 12.5.

Kuhusu chasisi, namba yenye tarakimu tatu, nukta, kisha tarakimu sita ni mtindo wa Sears, duka kubwa la Marekani lililouza mashine kwa jina la Craftsman. Sears haikuunda mashine hizo. Tarakimu tatu za mwanzo zinamtaja aliyeiundia, na 917 ni ya Roper, ambayo baadaye kazi yake ya mashine za bustani iliendelea kwa jina la American Yard Products na mwishowe ikawa sehemu ya Husqvarna. Fundi wako wa pili alikaribia ukweli, ingawa jina alilolitaja halikuwa la wakati ule. Wa kwanza alidanganywa na kopo la rangi.

Tarakimu zilizoliwa na kutu zisikukatishe tamaa. Vipuri vya chasisi vinaweza kupatikana kwa vipimo, nitaeleza mbele. Kwanza tuiwashe.

Kwa kuwa ni ya 1991, injini hii haina platini, yaani vidole vya kukatia umeme wa cheche, chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Briggs ilianza kuweka koili ya kielektroniki iitwayo Magnetron mwaka 1982. Kwa hiyo fundi akikwambia anataka kung'oa flaiwili ili asafishe platini, mzuie. Fungua plagi, ile ambayo madukani kwetu huitwa buji, irudishe ndani ya waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda na mbali na esansi (petroli), kisha mtu mwingine azungushe ufunguo. Unatafuta cheche ya buluu yenye nguvu. Ikikosekana, kabla ya kulaumu koili, chomoa ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi za kuzimia. Cheche ikirudi baada ya kuuchomoa, koili ni nzima na tatizo liko kwenye swichi ya ufunguo, ya kiti, ya pedali au kwenye waya uliochubuka na kugusa bodi. Nimeona koili nzuri nyingi zikitupwa kwa kukosa jaribio hilo moja. Cheche isiporudi, tazama kama sumaku ya flaiwili na miguu ya koili vimeota kutu. Visafishe kwa msasa laini, legeza boliti mbili za koili, weka kadi nyembamba ya biashara katikati, acha sumaku iivute koili, kaza, kisha toa kadi. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.25 hadi 0.36. Nafasi ya plagi yenyewe ni milimita 0.76.

Cheche ikiwapo, nenda kwenye esansi. Mwaga yote iliyolala ndani ya tangi, badilisha mpira wa kupitishia na filta yake ndogo, halafu shusha bakuli la kabureta. Utakuta gundi ya rangi ya asali chini, ambayo ni mabaki ya esansi ya zamani, na tundu la jeti litakuwa limezibwa nayo. Lisafishe kwa dawa ya kabureta na hewa, na ukilazimika kuchokonoa tumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano wala waya wa chuma, kwa sababu tundu likipanuka kidogo tu injini itakunywa esansi na kutoa moshi mweusi maisha yake yote. Tazama pia chini ya bakuli: baadhi ya injini hizi zina solenoidi inayofunga esansi zinapozimwa. Kama yako inayo, ukifungua ufunguo unapaswa kuisikia ikilia "tik". Isipolia, esansi haipiti hata kabureta ikiwa safi kabisa.

Kuhusu mkandamizo, usiamini geji, kwa sababu injini hizi zina njia ya kupunguza mkandamizo wakati wa kuwasha, na geji itasoma chini hata injini ikiwa nzuri. Zungusha flaiwili kwa mkono kinyume cha mwendo wake wa kawaida. Ikigonga mkandamizo na kurudi nyuma kwa nguvu, valvu na ringi zina hali njema.

Mama_Kipushi:

Jambo Papa Fundi, jambo kaka wa Kasapa. Mimi nina mashine ya umri kama huo nyumbani, barabara ya Kipushi, na ningependa kuongeza jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitamwambia. Vitabu hivyo vinazungumzia kulaza mashine wakati wa baridi kali. Kwetu majani husimama kukua wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, isipokuwa kwa mwenye maji ya kumwagilia, na hicho ndicho kipindi ambacho mashine inalala na kuharibika. Nyigu wa udongo hujenga ndani ya bomba la moshi na ndani ya mdomo wa filta, panya hutandika viota chini ya bati la feni, na vumbi jekundu la barabarani huingia kila pahali. Siku ya mvua ya kwanza mtu anawasha kwa furaha, na injini inajipika yenyewe kwa sababu upepo wa feni hauna pa kupita.

Kwa hiyo kaka, kabla hujaiwasha hata mara moja, fungua bati la feni lote. Kwangu nilikuta majani makavu na manyoya ya panya vimeshikana kati ya mapezi kama godoro lililoshonwa, na ukitazama kwa nje usingeona chochote.

Papa Fundi, ninataka kuuliza kuhusu mafuta ya injini. Wauzaji wa sokoni hunipa kila mara kopo tofauti na kusema yote ni mamoja.

Fundi_Kampemba:

Mama, aksanti. Umesema jambo lililo kubwa kuliko yote niliyoandika mimi. Injini hizi hazina maji ya kupozea wala rejeta; uhai wao wote unategemea upepo wa feni unaopita kati ya mapezi ya silinda. Mapezi yakiziba upande mmoja, upande huo unapanuka kuliko mwingine, silinda inapoteza uduara, valvu ya moshi inaungua, na mafuta yanaanza kuliwa. Mwenye mashine ataambiwa ringi zimekwisha na atanunua ringi, lakini chanzo ni majani yaliyokuwa chini ya bati. Hapa kwetu ningefungua bati hilo mwanzoni mwa msimu wa mvua na tena katikati yake.

Sasa mafuta. Kwa joto letu tumia SAE 30 ya injini ya esansi, ya daraja la SF au zaidi. Hata asubuhi za Juni na Julai, ambazo kwetu ni za baridi, bado SAE 30 inafaa, maana mipaka yake ya chini ni nyuzi 4 hivi. 10W-30 inakubalika, lakini hewa ikipita nyuzi 27 injini hizi za upepo huyala mafuta hayo kwa kasi zaidi, kwa hiyo mwenye kuyatumia apime kila mara kabla ya kuwasha. Injini ya inchi 28 huchukua kama lita 1.4. Tia kidogo kidogo, pima, ongeza. Kujaza kupita alama ni kosa baya kama kupunguza, kwa kuwa mafuta yanatupwa kwenye kabureta kupitia bomba la kupumulia na kulowesha filta ya hewa. Yabadilishe kila baada ya saa 50 za kazi, na katika vumbi au majani mazito kila baada ya saa 25, injini ikiwa ya moto ili uchafu utoke pamoja nayo.

Filta ya hewa ina sehemu mbili katika injini nyingi za kundi hili. Sponji ya nje huoshwa kwa maji na sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa na kukaushwa kabisa. Karatasi ya ndani haioshwi, haipulizwi kwa kompresa, haichovywi katika esansi. Igonge polepole kwenye meza, na vumbi lisipotoka, nunua nyingine. Ninajua kwamba kompresa iko kila kona ya mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo, na kijana atakupulizia bila hata kukudai pesa, lakini hewa hiyo inatoboa karatasi kwa vitundu visivyoonekana, na vumbi letu likishapita hapo linafanya kazi ya msasa ndani ya silinda. Hili lina uzito zaidi kama injini haina alama ya I/C. Zenye alama hiyo zina silinda iliyovikwa chuma cha kalibu ndani. Zisizo nayo pistoni inatembea kwenye alumini yenyewe. Bustani_Kasapa, itafute alama hiyo kwenye bati la feni.

Na kabla ya kulaza mashine mwezi wa Mei: badilisha mafuta, maliza esansi kwa kuiacha injini izime yenyewe, toa plagi na tia vijiko viwili vya mafuta ya injini ndani ya silinda, izungushe mara chache kwa mkono, rudisha plagi, chomoa betri na kuichaji kila mwezi, kisha ziba bomba la moshi kwa kitambaa chenye rangi kali kinachoning'inia, ili atakayeiwasha akione. Nyigu watatafuta kwingine.

Kijana_wa_Katuba:

Jambo wakubwa zangu. Mimi ni fundi wa pikipiki na nimetengeneza chache za mashine hizi. Beringi za mihimili ya visu mara nyingi ni 6203, zile zile tunazozifunga kwenye pikipiki, kwa hiyo hakuna haja ya kuagiza nje. Na kuhusu swichi ya kiti iliyotajwa, sisi huziunganisha tu nyaya zake, kwa sababu ndizo zinazosumbua kuliko kitu chochote, na mashine inawaka papo hapo.

Fundi_Kampemba:

Mdogo wangu, kuhusu beringi umesaidia sana, na nitaongeza neno moja. Ndani ya mashine za Kimarekani kuna 6203 mbili zinazofanana kwa nje: ya kawaida ina tundu la milimita 17, na nyingine ina tundu la inchi, milimita 15.875. Zote zina upana wa milimita 40 kwa nje na unene wa 12. Ukiifunga ya 17 kwenye mhimili wa inchi, itaingia kwa ulaini na baada ya muda mfupi itacheza na kuula mhimili. Pima tundu kwa vernia kabla ya kununua, na chukua yenye herufi 2RS, maana ina mpira wa kuzuia vumbi pande zote mbili.

Kuhusu swichi ya kiti siwezi kukubaliana nawe, na ninasema hivi kwa heshima yote. Mashine hii itafanya kazi shuleni. Swichi ya kiti ipo ili mtu akianguka, au akishuka visu vikiwa vinazunguka, injini izime. Kisu kinachozunguka kwa kasi ya injini kinarusha jiwe mbali kuliko mtoto anavyoweza kukimbia, na mguu ukifika chini ya kasha la visu hakuna daktari wa kuurudisha. Swichi hizo husumbua kwa sababu ya kutu na vumbi kwenye vidole vyake vya shaba, na dawa yake ni kuzisafisha au kununua nyingine, ambazo ni nyepesi kwa bei. Ukikuta zimeunganishwa na aliyekutangulia, zirudishe. Hapo hapo hakikisha swichi ya pedali na ya mpini wa visu zinafanya kazi: mashine isikubali kuwaka visu vikiwa vimeunganishwa.

Kijana_wa_Katuba:

Nimekusikia, mkubwa wangu. Kwa mashine ya shule una haki kabisa, na hata zile nilizoziunganisha nyaya nitawaita wenyewe wazilete.

Bustani_Kasapa:

Aksanti ninyi nyote. Alama ya I/C ipo. Chini ya bati la feni kulikuwa na kiota, kama alivyosema Mama. Cheche ilirudi nilipochomoa ule waya mwembamba. Waya ulikuwa umechubuka chini ya kiti. Baada ya kusafisha kabureta injini imewaka na haitoi moshi. Lakini sasa yako mawili. Inakata majani kwa ngazi, upande mmoja juu na mwingine chini, na penye majani marefu inakosa nguvu mpaka inataka kuzima. Tena mkanda wa visu umepasuka kingo.

Fundi_Kampemba:

Hongera sana. Hilo la ngazi tunalianzia kwenye matairi, wala si kwenye kasha la visu. Jaza upepo sawa kushoto na kulia kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi au chini yake kidogo. Tairi moja likiwa laini, kasha lote linainama na utapoteza siku nzima ukikaza boliti bure. Kisha chomoa waya wa plagi, egesha mashine kwenye sakafu ya simenti, vaa glovu, geuza kisu kimoja kielekee upande, upime kutoka ncha hadi sakafu kushoto, halafu kulia. Vikitofautiana, rekebisha kwa viungo vya kuning'inizia kasha. Baadaye geuza visu vielekee mbele na nyuma: ncha ya mbele inatakiwa iwe chini kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 10, ili kisu kikate mara moja tu kwa mbele na kisisage tena kwa nyuma.

Kabla ya kurekebisha chochote, hakikisha kisu chenyewe hakijapinda. Weka kijiti sakafuni kwenye ncha moja, kizungushe kisu nusu mzunguko, utazame ncha ya pili. Tofauti ikizidi milimita 3, kisu kimepinda, au mhimili. Katika viwanja vya Lubumbashi sababu ni moja karibu kila mara: kichuguu. Sisemi vile vikubwa vya porini ambavyo mtu anapanda juu yake kuangalia mbali. Ninasema vile vidogo vinavyochomoza ndani ya majani mwishoni mwa kiangazi, vigumu kama tofali. Mtembeze mtu mwenye jembe uwanjani kabla ya kukata kwa mara ya kwanza, avivunje, aokote na mawe na vipande vya waya. Kisu kilichopinda hakinyoshwi kwa nyundo, kinatupwa. Kisichopinda kinanolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, kwa tupa, kisha kinatundikwa kwenye msumari kwa tundu lake la kati. Upande unaoshuka ni mzito. Punguza chuma kidogo upande huo mpaka kitulie. Kisu kisicho na mizani ndicho kinachoua zile beringi tulizozizungumzia.

Kuhusu nguvu, sehemu ya jibu iko hewani. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na injini ya namna hii hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Hiyo ni karibu asilimia 14. Hospawa zako 12.5 hapa ni kama 10.8, hata injini ikiwa mpya. Asije mtu akakushauri kukaza springi ya gavana, kile kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, ili uipate tofauti hiyo. Injini hizi zisipite mizunguko 3,600 kwa dakika, na kifimbo cha pistoni cha alumini hakisamehe. Badala yake, sukuma mpini wa mwendo wa injini hadi mwisho, kwa kuwa feni na visu vinahitaji kasi hiyo, lakini tumia gia ndogo, na majani marefu uyakate mara mbili, ya kwanza kasha likiwa juu. Ukiona bado inazimika, fungua kichwa cha silinda ukwangue kaboni, kwa sababu injini za valvu za ubavuni huikusanya nyingi. Unapofungua, panga boliti kwenye karatasi kwa mpangilio wake; zilizo karibu na valvu ya moshi ni ndefu kuliko nyingine, na ukiingiza fupi pahali pake utang'oa nyuzi za alumini. Tumia gasketi mpya, na kaza hatua kwa hatua, ukibadilisha pande.

Umesema umeiwasha kwa betri ya kuazima, kwa hiyo pima na chaji. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, nayo inapaswa kupanda kupita 13 injini ikizunguka kwa kasi. Isipopanda, tazama waya mwekundu unaotoka chini ya bati la feni. Katika injini nyingi za aina yako waya huo una daiodi ndani yake, kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, na mtu akiwahi kugeuza chanya na hasi, daiodi ndiyo hufa kwanza.

Mwisho, mkanda. Usiukate ule wa zamani ukautupa. Pima upana wake kwa juu: milimita 12.7 ni wa mfululizo wa 4L, milimita 16 hadi 17 ni wa 5L. Kwa urefu, usipime mkanda uliovutika. Pitisha kamba isiyonyumbuka kwenye puli zote katika njia halisi ya mkanda, mpini wa visu ukiwa umeunganishwa na puli ya kukazia ikiwa katikati ya safari yake, kisha pima kamba kwa inchi. Mkanda wa 4L wenye inchi 83 kwa nje huandikwa 4L830. Muuzaji akiwa na mikanda ya viwandani tu, wa A81 unalingana nao, kwa sababu namba ya A huhesabiwa kwa urefu wa ndani. Lakini omba wenye nyuzi za aramidi, maarufu kwa jina la Kevlar. Katika mashine hii mkanda unapinda kinyume kwenye puli za mgongo na kila ukiunganisha visu unateleza kabla ya kushika, na mkanda wa kawaida wa gari haukuundwa kwa mateso hayo. Utaungua kabla ya Krismasi.

Bustani_Kasapa:

Nimepima kamba kama ulivyoeleza. Ni inchi 83 na nusu, na upana ni milimita 12.7.

Fundi_Kampemba:

Agiza 4L830 yenye aramidi, si 4L840, kwa maana mkanda mpya huvutika kidogo katika saa za mwanzo. Kwa plagi mwambie muuzaji Champion RJ19LM, na kwa filta mpe namba ya injini nzima, 286707, pamoja na Type 0140-01, ili asikupe ya injini ya valvu za juu. Andika namba zote tatu za injini kwa rangi nyeupe ndani ya boneti, kwa ajili ya atakayekuja baada yako.